Unalipia kinachosomwa, si kinachorudi

Hoja (query, yaani swali unaloiuliza hifadhidata) inayorudisha rekodi 50 huenda imesoma rekodi 50 tu, au huenda imesoma milioni 40 ikazitupa zote ikabakiza hizo 50. Kwenye skrini huwezi kutofautisha. Tofauti inaonekana kwenye saa, kisha mwisho wa mwezi kwenye ankara ya wingu. Mtu akilalamika kwamba hifadhidata yake ni nzito, swali langu la kwanza ni hilo: umesoma rekodi ngapi ili upate hizi? Mara nyingi hana jibu, kwa sababu msimbo humwonyesha kinachorudi tu.

Kwenye kompyuta yako kosa hili linajificha. Jedwali la majaribio lina rekodi 10,000, lote limeenea kwenye kumbukumbu, na hata upekuzi wa jedwali zima unaisha kabla hujapepesa macho. Kwenye wingu, diski yenyewe mara nyingi ni kifaa kilicho upande wa pili wa mtandao, na ina kikomo. Diski ya aina ya gp3 ya AWS, wingu la Amazon, huanza na operesheni 3,000 kwa sekunde na MB 125 kwa sekunde. Hoja inayolazimika kusoma GB 2 kutoka diski hiyo haimalizi chini ya sekunde 16, hata ukinunua prosesa mara nne ya ulizonazo. Aina ya zamani, gp2, ina hila zaidi: diski ndogo hupewa akiba ya kasi, na akiba ikiisha kasi inashuka hadi operesheni 3 kwa kila GB uliyokodi. Jaribio la dakika tano linapita vizuri, halafu kazi ya usiku inakwama saa nane na hakuna anayeelewa kwa nini.

Pima kabla ya kugusa chochote

Kwenye PostgreSQL, hifadhidata ya SQL, tanguliza maneno haya mbele ya hoja yako:

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
```

Utapata mistari mingi. Kwa kuanzia angalia miwili:

```
Rows Removed by Filter: 13290401
Buffers: shared hit=1204 read=250311
```

Wa kwanza unakuambia rekodi zilizosomwa zikatupwa. Angalia pia `loops` ya hatua hiyo: ikiwa ni `loops=3`, namba uliyopewa ni wastani wa kila mzunguko, kwa hiyo zidisha kwa 3. Hapo juu, basi, zimetupwa karibu milioni 40. Mstari wa pili unahesabu vipande vya KB 8. Vipande 250,311 vilivyotoka nje ya kumbukumbu ya PostgreSQL ni takriban GB 2, na sasa unajua zile sekunde 16 zinatoka wapi.

Tahadhari moja: ANALYZE huiendesha hoja kweli kweli. Ukiiweka mbele ya DELETE, rekodi zinafutwa. Fungua muamala (transaction) kwa BEGIN, pima, halafu tengua yote kwa ROLLBACK.

DynamoDB, hifadhidata ya AWS inayotafuta rekodi kwa funguo, ina kipimo chake. Weka `ReturnConsumedCapacity` iwe `TOTAL`, na kwenye jibu linganisha `Count` na `ScannedCount`. Ya kwanza ni zilizorudi, ya pili ni zilizosomwa. Zikiachana sana, umeshampata mwizi.

OFFSET ndiyo mzizi wa fitina

Tuseme jedwali la `malipo` lina rekodi milioni 40, na unataka kuonyesha malipo ya mteja mmoja mkubwa, ukurasa kwa ukurasa:

```
SELECT id, kiasi, iliundwa
FROM malipo
WHERE mteja_id = 812
ORDER BY iliundwa DESC, id DESC
LIMIT 50 OFFSET 200000;
```

Watu wengi husoma `OFFSET 200000` kana kwamba inaruka. Hairuki. Hifadhidata inazipitia rekodi 200,000 moja baada ya nyingine, inazitupa, halafu inakupa 50 zinazofuata. Ukurasa wa kwanza unakuja papo hapo, wa elfu nne unachukua sekunde. Na ukitaka kuchota data yote kwa njia hii, hesabu inatisha: rekodi milioni 1 kwa kurasa za 1,000 zinakugharimu usomaji wa rekodi 500,500,000, kwa sababu kila ukurasa unaanza safari upya kutoka mwanzo. Tena si kasi tu. Rekodi mpya ikiingia juu ya orodha wakati unasoma, zote zinasogea nafasi moja chini, na rekodi ya mwisho ya ukurasa uliopita inajitokeza tena. Ikifutwa moja, nyingine inapita bila kuonwa.

Dawa ni kukumbuka ulipoishia:

```
SELECT id, kiasi, iliundwa
FROM malipo
WHERE mteja_id = 812
  AND (iliundwa, id) < ('2024-03-05 10:15:22.418532', 90211)
ORDER BY iliundwa DESC, id DESC
LIMIT 50;
```

na indeksi (orodha iliyopangwa ya kufikia rekodi haraka) inayofuata mpangilio huo huo:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_mteja_muda
ON malipo (mteja_id, iliundwa DESC, id DESC);
```

Sasa ukurasa wa elfu nne unasoma rekodi 50, sawa na wa kwanza. Ile `id` mwishoni haipo kwa urembo. Malipo mawili yanaweza kuwa na muda ule ule, na bila kitu cha kuwatenganisha mapacha hao, mmoja atapotea kwenye mpaka wa ukurasa.

Hapo hapo pana mtego ambao nauona mara kwa mara. PostgreSQL hutunza muda hadi mikrosekunde, tarakimu sita baada ya nukta. Aina ya `Date` ya JavaScript inaishia kwenye milisekunde, tarakimu tatu. Ukipokea muda wa rekodi ya mwisho kama `Date` kisha ukaurudisha kwenye hoja, `.418532` inageuka `.418000`, na kila rekodi iliyo kati ya hizo mbili inarukwa kimyakimya. Hakuna hitilafu inayotokea. Jumla tu haitalingana. Usafirishe muda huo kama maandishi, usiuguse njiani.

Hasara ya njia hii ni kwamba mtumiaji hawezi kudandia ukurasa wa 3,107 moja kwa moja. Kusema kweli sijui nani huwa anautaka. Mpe kitufe cha mbele na cha nyuma, na sehemu ya kuchagua tarehe. Na ile namba ya "ukurasa 1 kati ya 800,000" iondoe, maana ili kuipata unaendesha `COUNT(*)` kila mtu anapofungua skrini, na PostgreSQL haina jumla iliyohifadhiwa pembeni, inahesabu kweli. Ukitaka kujua kama kuna ukurasa mwingine, omba rekodi 51 na uonyeshe 50. Ukitaka makadirio ya jedwali zima, soma `reltuples` kwenye `pg_class`. Inasasishwa na VACUUM (usafishaji wa rekodi zilizokufa) na amri ya ANALYZE, si ile ya ndani ya EXPLAIN, na kwa dashibodi inatosha kabisa.

Mpangilio wa kolamu kwenye indeksi

Indeksi ya kolamu kadhaa ni kama kamusi. Ukijua neno linaanza na "kum" unalifikia mara moja. Ukijua tu kwamba herufi yake ya tatu ni "m", utaisoma kamusi nzima. Kwa hiyo kolamu unazolinganisha kwa alama ya sawasawa zitangulie, na ile unayoipanga au kuiwekea masafa ifuate. Indeksi ya `(iliundwa, mteja_id)` kwa hoja ya hapo juu ingepitia malipo ya wateja wote ikimtafuta mmoja.

Indeksi nzuri pia unaweza kuizima mwenyewe bila kujua. `WHERE date(iliundwa) = '2024-03-05'` inaifunika kolamu ndani ya fomula, na indeksi ya `iliundwa` haitumiki. Andika masafa: kuanzia `'2024-03-05'` pamoja nayo, hadi kabla ya `'2024-03-06'`.

Kuhusu CONCURRENTLY: ukiliacha neno hilo, uandishi wote kwenye jedwali unasimama hadi indeksi iishe kujengwa. Ukiliweka, ujenzi unachukua muda mrefu zaidi na hauwezi kufanyika ndani ya muamala. Ukikatika katikati, indeksi inabaki ikiwa na alama ya INVALID: haisaidii hoja yoyote, lakini inaendelea kusasishwa kila unapoandika. Ifute, anza upya.

Kama hoja inahitaji kolamu moja zaidi tu, ongeza `INCLUDE (kiasi)` kwenye indeksi (ipo tangu toleo la 11) ili jibu litoke kwenye indeksi bila kugusa jedwali. Angalia `Heap Fetches` kwenye EXPLAIN. Ikiwa kubwa, jedwali halijapitiwa na VACUUM kwa muda na bado unakwenda kugonga jedwali. Ila usijaze indeksi ovyo, maana kila moja inaongeza kazi kwenye kila INSERT.

DynamoDB: kuchuja si kutafuta

Hapa hesabu iko wazi kuliko kwingine, ndiyo maana napenda kuitumia kufundishia. Kipimo kimoja cha kusoma kinalipia hadi KB 4 kwa usomaji unaodai nakala mpya kabisa ya data, au KB 8 kwa usomaji wa kawaida ambao unaweza kuchelewa kidogo. Kila wito wa `Query` (kutafuta kwa ufunguo) au `Scan` (kupitia jedwali zima) unasoma si zaidi ya MB 1, kisha unakupa `LastEvaluatedKey` ya kuendelea nayo.

Chukua jedwali la rekodi milioni 10, kila moja KB 1. Ndani yake unatafuta maagizo 200 yenye hali ya "inasubiri". Ukitumia `Scan` pamoja na `FilterExpression`, jedwali zima la GB 10 linasomwa: miito kama 10,000, vipimo 1,250,000. Kichujio kinafanya kazi baada ya kusoma, kwa hiyo hakipunguzi hata senti. `ProjectionExpression`, inayochagua sifa za kurudisha, nayo ni hivyo hivyo. Inapunguza kinachosafiri mtandaoni, bili inabaki palepale. Ukiwa na indeksi ya pili ambayo ufunguo wake ni hiyo hali, na indeksi hiyo imebeba rekodi nzima, `Query` moja inasoma KB 200 kwa vipimo 25.

Kutoka 1,250,000 hadi 25, kwa jibu lile lile.

Ukizichota hizo 200 kwa funguo zao kupitia `BatchGetItem`, utalipa vipimo 100. `Query` hujumlisha ukubwa wa rekodi zote kisha hukadiria juu mara moja, lakini `BatchGetItem` hukadiria kila rekodi peke yake hadi KB 4. Pia inakubali funguo 100 kwa wito mmoja, na inaweza kurudi na `UnprocessedKeys`, yaani funguo ambazo haikuzifikia. Msimbo usioangalia sehemu hiyo unapoteza data bila kelele.

Kosa la pili, na hili limeenea: kusimamisha mzunguko pale orodha ya `Items` inapokuja tupu. Wito unaweza kusoma MB 1, kichujio kikakataa kila kitu, ukapata orodha tupu huku bado kuna GB 9 mbele. Dalili pekee ya mwisho ni kutokuwepo kwa `LastEvaluatedKey`. `Limit` nayo inahesabiwa kabla ya kuchuja: ukiomba 50 zinasomwa 50, na zinaweza kurudi 0.

Ile indeksi ya "hali" ina ugonjwa wake. Maagizo yote yaliyokamilika yanarundikana chini ya ufunguo mmoja, na patisheni moja (kipande cha data kinachotunzwa pamoja) inahimili vipimo 3,000 vya kusoma na 1,000 vya kuandika kwa sekunde. Ikizidiwa, uandishi kwenye jedwali kuu nao unabanwa, hata kama jedwali lenyewe halina tatizo. Suluhisho ninalolipendelea ni indeksi yenye mapengo. Rekodi isiyo na sifa inayotumika kama ufunguo wa indeksi haiingii kwenye indeksi hiyo kabisa. Weka sifa kama `inasubiri_tangu` kwa maagizo yanayosubiri tu, na uifute yanapokamilika. Indeksi inabaki na rekodi 200 badala ya milioni 10. Kama hata zinazosubiri ni nyingi mno, ongeza tarakimu kutoka 0 hadi 9 kwenye ufunguo, uliza mara kumi kwa pamoja, kisha unganisha majibu upande wako.

Firestore, hifadhidata ya nyaraka ya Google, ina bei kwa kila waraka unaosomwa, na nyaraka zilizorukwa kwa `offset` zinalipiwa kama zilizosomwa. Tumia `startAfter`, inayoanzia pale ulipoishia. Kwa kuhesabu tumia `count()`, ambayo hutozwa usomaji mmoja kwa kila kundi la hadi maingizo 1,000 ya indeksi. Kuchota nyaraka zote ili kupima urefu wa orodha ni kutupa pesa.

Safari za mtandaoni

Hoja ikishakuwa nyepesi, kinachobaki ni idadi ya safari. Msimbo unachota malipo 2,000, halafu kwa kila moja unauliza jina la mteja. Hizo ni hoja 2,001. Kwenda na kurudi kukichukua milisekunde 2, umengoja sekunde 4. Programu ikiwa kwenye eneo jingine la wingu, kwa milisekunde 80, ni dakika 2 na sekunde 40, na kila hoja ikipimwa peke yake itaonekana haina kosa. Tumia JOIN, inayounganisha majedwali mawili ndani ya hoja moja, au kusanya vitambulisho uulize mara moja:

```
SELECT id, jina FROM wateja WHERE id = ANY($1);
```

Hapo `$1` ni safu moja yenye vitambulisho vyote. Ukitengeneza `IN ($1, $2, $3 ...)`, siku moja utagonga ukuta wa vigezo 65,535 kwa hoja moja.

Upande wa kumbukumbu, maktaba nyingi za PostgreSQL huleta jibu lote kwenye programu kabla ya kukupa rekodi ya kwanza. Rekodi milioni 5 zinaiangusha kontena ya MB 512 bila maelezo. Kwenye JDBC, njia ya Java ya kuunganisha na hifadhidata, unaweka `setFetchSize(5000)`, lakini haifanyi kazi mpaka uzime `autocommit` (kufunga muamala baada ya kila hoja), na hapo ndipo wengi wanakwama wakidhani maktaba ni mbovu.

Hata hivyo kwa kazi ndefu sipendi kuacha kielekezi kimoja (cursor, kinachosoma jibu kidogo kidogo) wazi kwa saa mbili. Muamala mrefu unamzuia VACUUM kusafisha rekodi zilizokufa, na majedwali yote yanavimba. Chota kwa mafungu: `WHERE id > $1 ORDER BY id LIMIT 5000`, hifadhi `id` ya mwisho, funga muamala, rudia. Kazi ikikatika, inaendelea ilipoishia.

Kama unatumia njia hiyo kufuatilia rekodi mpya zinazoendelea kuingia, jihadhari. Namba ya `id` hutolewa wakati wa INSERT, si wakati wa COMMIT, yaani muamala unapothibitishwa. Muamala uliochukua 1,001 unaweza kukamilika baada ya ule wa 1,002, na wewe umeshapita. Acha mwanya: soma zilizoundwa zaidi ya dakika 5 zilizopita tu, ukihakikisha hakuna muamala wa kuandika unaozidi muda huo.

Unapotaka kusoma vyote

Kuna hoja ambazo kweli zinahitaji jedwali zima: ripoti, jumla, mafunzo ya modeli. Usilazimishe hifadhidata ya miamala kuzibeba. DynamoDB inaweza kutoa nakala ya jedwali zima kwenda S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, bila kutumia vipimo vyako vya kusoma, mradi umewasha urejeshaji wa data kwa wakati wowote uliopita.

BigQuery, ghala la data la Google, na wenzake hupanga data kwa kolamu na, kwa malipo ya kila hoja, hutoza kwa baiti zilizosomwa. Pale `SELECT *` ndiyo dhambi kubwa, na `LIMIT 10` haikuokoi kwenye jedwali la kawaida lisilopangwa kwa makundi: kolamu zote zinasomwa hadi mwisho. Ukitaka kuona sura ya data tumia kichupo cha mwoneko wa awali, hakina malipo. Gawa jedwali kwa tarehe, na kwenye WHERE weka tarehe yenyewe. Ukiweka hoja ndogo inayoitafuta tarehe hiyo, patisheni zote zinasomwa. Washa `require_partition_filter` ili anayesahau akataliwe, endesha `--dry_run` uone baiti kabla ya kulipa, na weka `--maximum_bytes_billed` ili hoja iliyopotoka ikatae kuanza.

Kama huna ghala la data la aina hiyo, peleka ripoti kwenye nakala ya kusoma ya PostgreSQL. Utakutana na ujumbe huu: `canceling statement due to conflict with recovery`. Maana yake hifadhidata kuu imesafisha rekodi ambazo ripoti yako bado inazihitaji, na nakala imengoja sekunde 30, ambacho ndicho kiwango chake cha kawaida, kisha ikaikata hoja. Ongeza `max_standby_streaming_delay` kwenye nakala hiyo na ukubali iwe nyuma kidogo. Ukiwasha `hot_standby_feedback` hoja hazitakatwa kwa sababu hiyo, lakini uvimbe unarudi kwenye hifadhidata kuu, kule kule ulikokuwa unakimbia.